Mtoto Njiti Ana Kalenda Mbili, Simu Zetu Zina Moja

Ukisema njiti mtaani, mtu wa kwanza atafikiria kibiriti. Ni kile kijiti chembamba unachokikwaruza kwa uangalifu kisije kikakatika kabla hakijawaka. Jina hilo hilo ndilo tunalompa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na kama umewahi kumshika mmoja, huhitaji kuelezwa kwa nini.

Kitaalamu, mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 walizaliwa takribani milioni 13.4 duniani kote, yaani karibu mmoja katika kila watoto 10. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani tunaongelea jambo la nadra. Katika ule ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara, unaojaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, yawezekana kabisa wako kadhaa waliozaliwa hivyo na hawajui, kwa sababu nyumbani hawakuwahi kuambiwa.

Habari nyingi za watoto njiti huishia wodini: mashine za joto, oksijeni, mipira ya kulishia. Mimi nataka tuanzie pale wodi inapoishia. Mama ameruhusiwa, yuko mlangoni na kitenge chake, na mkononi ana simu. Hiyo simu inaweza kumsaidia nini, na ni wapi inaweza kumpotosha?

Somo lote siku ya mwisho

Hebu tuone kwanza anachokwenda kukutana nacho. Mtoto aliyezaliwa mapema ana mafuta machache chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 32 hadi 34 ya ujauzito, ndiyo maana wengi huanza kulishwa kwa mpira au kikombe na huchoka upesi titini. Kinga ambazo mama humpitishia mtoto tumboni hupita kwa wingi miezi mitatu ya mwisho, na yeye hiyo miezi hakuimaliza. Akiba ya madini chuma nayo ni hivyo hivyo.

Wodini mambo hayo yote yalikuwa na mtu wa kuyaangalia. Kuna mzani, kuna kipimajoto, kuna nesi anayepita usiku. Nyumbani kuna mama, bibi, majirani, na labda baba anayerudi saa tatu usiku. Kazi iliyokuwa ya watu watano inahamia kwa mtu mmoja ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa.

Na maelekezo anapewa lini? Mara nyingi siku ile ile ya kuondoka. Mbebe hivi, mkamulie maziwa hivi, dawa ya matone mara ngapi, rudi kliniki tarehe fulani, ukiona hili kimbia. Sisi tunaosoma ualimu tunalijua tatizo hili kwa jina lake. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yake ya kumbukumbu, aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunachojifunza kwa mara moja hupotea kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudiarudia kwa vipindi ndiko kunakokibakiza. Mwalimu anayemwaga mada ya muhula mzima siku ya mwisho hawezi kulaumu darasa likifeli. Sasa mwanafunzi wetu hapa ni mama mwenye mshono, mwenye wasiwasi, na mtihani wake unaanza usiku huo huo.

Hapa ndipo simu inapopata kazi yake halali. Simu inaweza kulikata somo vipande vidogo na kukileta kila kipande siku kinapohitajika.

Kutoka ujumbe mfupi mpaka mtu wa kukujibu

Tanzania hatukuanza jana. Mwaka 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda namba 15001 bila malipo, unaulizwa mimba ina wiki ngapi au mtoto ana umri gani, kisha unaanza kupokea ujumbe kwa Kiswahili kulingana na hatua uliyopo. Uzuri wake ni kwamba haikudai simu janja wala bando. Kitochi cha kawaida kilitosha.

Huo ni msaada wa aina ya kwanza: ujumbe unakuja, wewe unasoma, basi. Mwalimu anaongea, mwanafunzi ananyamaza.

Aina ya pili inaruhusu mwanafunzi kunyoosha mkono. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu Kenya, huduma iitwayo PROMPTS ya taasisi ya Jacaranda Health. Mama anapokea ujumbe, lakini pia anaweza kuuliza swali kwa Kiswahili au Kiingereza. Programu ya kompyuta inasoma maswali na kuyapanga, yale yenye dalili ya hatari yanasogezwa mbele, na watu wa dawati la msaada wanayashughulikia. Mwaka 2023 taasisi hiyo hiyo ilitoa UlizaLlama, modeli ya lugha iliyofundishwa kujibu kwa Kiswahili maswali ya afya ya uzazi.

Aina ya tatu, simu hashiki mama, anashika mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Zanzibar wanao mpango wa Jamii ni Afya, ambapo wahudumu wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba na programu kwenye simu inayowaongoza: uliza hili, angalia hili, ukikuta hivi mpe rufaa. Hapa kifaa kinamsaidia mtu ambaye ana macho na mikono, na ambaye yupo palepale kitandani alipo mtoto.

Aina ya nne ni ya dharura. Mfumo wa m-mama unatumia namba 115, bure. Ukipiga kwa ajili ya mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini, anayepokea anafuata maswali yaliyopangwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo.

Ziko pia zana ambazo si simu kabisa. Huko India, kampuni ya BEMPU ilitengeneza bangili anayovalishwa mtoto mkononi. Joto likiwa sawa taa inamulika bluu, likishuka inamulika rangi ya chungwa na kutoa mlio, na mama anajua ni wakati wa kumrudisha kifuani.

Ukizipanga zana hizi zote kwa mstari utaona kitu kimoja. Zile zenye nguvu zina mtu upande wa pili: wa kujibu, wa kuja, au wa kutuma gari. Na hata bangili ya India haimpashi mtoto joto. Inamwita mama.

Dawa yenyewe ni kifua

Tukubaliane hapa mapema, kwa sababu tukiongelea teknolojia huwa tunasahau. Kitu kinachomwokoa mtoto njiti kuliko programu yoyote ni kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na kupewa maziwa ya mama. Njia ya kangaruu ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipojikuta na watoto wengi kuliko mashine za joto. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kama njia ya maskini, ya wasio na mashine.

Halafu mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ukihusisha watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0. Waliosubirishwa mpaka hali itulie ndipo wabebwe, vifo vilikuwa asilimia 15.7. Mwaka 2022 WHO ikatoa mwongozo kwamba mtoto njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitali au nyumbani.

Saa 8 hadi 24! Nani anapika, nani anachota maji, nani anafua? Kwa hiyo ujumbe wa simu usemao "mbebe mtoto wako kifuani" una maana tu kama unasomwa pia na baba, bibi na shangazi, maana wao nao wanaweza kumbeba. Ngozi ya baba inatoa joto vilevile.

Kalenda mbili

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya.

Programu nyingi za uzazi, ziwe za ujumbe mfupi au zile nzuri za kupakua zenye picha, zinauliza swali moja: mtoto alizaliwa lini? Kutokana na tarehe hiyo zinahesabu kila kitu. Kwa mtoto wa wiki 40 hakuna shida. Kwa njiti ni kosa, kwa sababu yeye ana kalenda mbili zinazokwenda kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama Tumaini alitarajia kujifungua tarehe 12 Mei. Tumaini akazaliwa tarehe 3 Machi, mimba ikiwa na wiki 30. Ametangulia wiki 10.

Leo ni tarehe 7 Julai. Kwa kalenda ya kuzaliwa, Tumaini ana wiki 18, miezi minne na ushee. Simu inalia: hongera, sasa mtoto wako anashika kichwa bila kutegemezwa. Mama anamtazama mwanawe. Kichwa bado kinalegea, na kutabasamu kwenyewe ndiyo kwanza ameanza wiki hii. Anahesabu majirani waliojifungua mwezi mmoja naye. Usiku halali.

Kumbe hakuna tatizo. Ubongo na misuli ya Tumaini vinakua kwa kalenda ya pili, ile ya siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Toa zile wiki 10 kutoka kwenye wiki 18, unabaki na wiki 8. Na mtoto wa wiki 8 anayeanza kutabasamu yuko sawasawa na ratiba yake. Madaktari wanauita umri uliosahihishwa, na kwa kawaida wanautumia kupima ukuaji mpaka mtoto afikishe miaka miwili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, haihitaji programu:

Wiki 40, toa wiki za mimba siku aliyozaliwa. Jibu ndilo wiki alizotangulia.
Umri wake leo kwa wiki, toa wiki alizotangulia. Jibu ndilo umri wa kupimia hatua zake: kutabasamu, kukaa, kutambaa, kusimama.

Lakini usikimbilie kufuta kalenda ya kwanza! Chanjo zinafuata tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa mtoa huduma aelekeze vingine kwa sababu ya uzito au hali ya mtoto. Chanjo za wiki ya 6 kwa Tumaini zinaangukia tarehe 14 Aprili, karibu mwezi mzima kabla ya siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Mama aliyeambiwa tu kwamba "mwanao bado mdogo, usimhesabie umri" anaweza kuisubirisha chanjo mpaka Juni, akidhani anamhurumia, na kumbe anamwacha wazi mtoto ambaye kinga yake ilikuwa pungufu tangu mwanzo.

Kwa hiyo zana nzuri kwa mzazi wa njiti inatakiwa iulize maswali mawili: alizaliwa lini, na alitarajiwa lini? Kisha ujumbe wa chanjo ufuate jibu la kwanza, na ujumbe wa ukuaji ufuate la pili. Ni mstari mmoja wa ziada kwenye fomu ya kujiandikisha. Wenzetu wa kitivo cha kompyuta mnaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, hii hapa nawapa bure.

Mtoto mtulivu

Kuna tatizo la pili, nalo ni la lugha.

Jirani akija kumwona mzazi akakuta mtoto amelala kimya, atasema nini? "Hongera mama, mtoto wako mtulivu, hasumbui." Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, hiyo ni sifa. Kwa njiti inaweza kuwa dalili. Njiti mwenye njaa hana nguvu ya kulia kama wengine, na njiti anayeanza kuugua mara nyingi haanzi kwa homa kali na makelele. Anaanza kwa kunyamaza. Ananyonya kidogo, analegea, anapoa.

Sasa fikiria mama anaandika kwenye simu: "Mtoto hajambo analala sana hasumbui kunyonya." Mashine iliyofundishwa kutafuta maneno kama homa, damu na degedege itaona sentensi hii imejaa habari njema. Nesi mzoefu atauliza haraka: analala saa ngapi mfululizo? Amenyonya mara ngapi tangu asubuhi? Miguu yake ya moto au ya baridi?

Ndiyo maana huwa sifurahii sana mtu akisema modeli za lugha zitamaliza upungufu wa wahudumu. Zinasaidia kupanga foleni ya maswali, sawa. Lakini mama zetu hawaongei kwa maneno ya kitabu. Wanasema mtoto "kapoa", "kazubaa", "hana raha", na mtu wa Mtwara hasemi kama mtu wa Bukoba. Mashine inayowahudumia inapaswa kufundishwa maneno yao, na pale inapokuwa na mashaka, impeleke mama kwa mtu.

Simu ni ya nani?

Jambo la tatu ni la kijamii. Sisi hapa chuoni kila mtu ana simu yake na nywila yake, tunasahau kwamba nyumba nyingi zina simu moja, na mara nyingi anatembea nayo baba. Ujumbe wa "mnyonyeshe kila baada ya saa 2 hadi 3" unaingia saa nne asubuhi kwenye mfuko wa mtu aliye Kariakoo kazini. Huduma inayouliza wakati wa kujiandikisha "simu hii inashikwa na nani, na saa ngapi upo nayo karibu?" inakuwa imeelewa nyumba zetu.

Halafu kuna siri. Taarifa za afya za mtoto ni taarifa nyeti, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, inayoanza kutumika kwetu sote. Makundi ya WhatsApp ya akina mama waliolazwa pamoja ni msaada mkubwa kwa kutiana moyo, sikatai. Ila picha ya mtoto mwenye mipira puani ikishatumwa kwenye kundi la watu 200, hakuna anayejua inaishia wapi.

Na kuna lile tusilopenda kulitaja. Sio kila mtoto anabaki. Mfumo usioambiwa utaendelea kutuma: "Leo mtoto wako ametimiza miezi mitatu!" Huduma ya MomConnect ya Afrika Kusini, iliyoanza 2014, iliweka njia ya mama aliyepoteza mtoto kusitisha ujumbe huo na badala yake kupokea maneno ya faraja. Anayebuni zana ya watoto njiti bila kufikiria siku hiyo, hajamaliza kazi yake.

Zana ambazo tayari unazo

Wakati tunasubiri programu kamili, tukumbuke kwamba kitochi kina vitu vitatu vya maana sana.

Kengele. Njiti mara nyingi haamki mwenyewe kudai maziwa. Weka kengele kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana, mpaka kliniki iseme sasa unaweza kumwacha aamke mwenyewe.

Saa ya kuhesabia. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika 1 nzima. Ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Ikibaki hivyo, nenda kituo cha afya.

Kalenda. Andika tarehe zote mbili, ya kuzaliwa na ya kutarajiwa, halafu weka siku za chanjo, za kupima uzito, na ile ya kupimwa macho kama hospitali imeelekeza. Kuhusu macho tusifanye mzaha. Mwanamuziki Stevie Wonder alizaliwa mwaka 1950 akiwa ametangulia takribani wiki sita, na upofu wake ulitokana na ugonjwa wa mishipa ya retina unaowapata watoto njiti. Leo ugonjwa huo ukiwahiwa, unatibika kabla haujaharibu macho.

Ukiweza, ongeza kipimajoto cha kidijitali kutoka duka la dawa. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya 36.5 na 37.5.

Na sasa dalili ambazo hupaswi kuzitumia ujumbe ukangoja jibu. Nenda kituo cha afya mara moja, au piga 115, ukiona mtoto:

• hanyonyi au ameacha kunyonya vizuri;
• amelegea, hajongei mpaka umguse, au hajongei kabisa;
• anapumua haraka, anasimama kupumua, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi;
• ana degedege;
• joto limezidi 37.5, au limeshuka chini ya 35.5;
• viganja na nyayo zimekuwa za manjano, au midomo imekuwa ya bluu.

Ukiwa njiani, mbebe kifuani. Kwa ushauri wa kawaida usio wa dharura, Wizara ya Afya ina namba 199, nayo ni bure.

Na sisi hapa chuoni?

Utauliza, mambo haya yananihusu nini mimi ninayepigana na bumu na mitihani? Yanakuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, wewe ndiye mtu wa simu kwenye ukoo wenu. Dada akijifungua mapema, ni wewe utakayepigiwa: "Mdogo wangu, hebu angalia huko mtandaoni." Usimtumie viungo 15 vya kurasa za Ulaya. Mpigie, mwulize tarehe zile mbili, mfanyie hesabu, mwekee kengele. Kisha fanya kama tunavyofundishwa kwenye mazoezi ya kufundisha: mwombe akueleze yeye kwa maneno yake atafanya nini mtoto akipoa. Akikueleza vizuri, somo limeingia. Akisita, rudia bila kumkaripia.

Pili, wapo wanafunzi wenzetu ambao ni wazazi, na baadhi yao wamepata watoto njiti katikati ya muhula. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalifanya jambo kubwa: mwajiriwa aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa likizo ya uzazi mpaka zitimie zile wiki 40 za ujauzito. Yaani sheria yenyewe imeikubali kalenda ya pili. Mama Tumaini angekuwa mhadhiri wetu, angehesabiwa wiki zake 10.

Angekuwa mwanafunzi je? Mwanafunzi si mwajiriwa, sheria hiyo haimgusi. Anabaki na uchaguzi wa kuahirisha mwaka mzima au kurudi darasani wakati mwanawe anatakiwa awe kifuani saa 8 na zaidi kwa siku. Serikali ya wanafunzi inaweza kulipeleka hili kwa uongozi wa chuo bila kudai bajeti kubwa: mzazi wa njiti aruhusiwe kufanya majaribio na mitihani baadaye, tarehe zikihesabiwa kwa kalenda ile ile ambayo sheria imeshaikubali kwa wafanyakazi, na zahanati ya chuo imwandikie barua inayoonyesha wiki alizotangulia mtoto. Tarehe 17 Novemba kila mwaka ni Siku ya Mtoto Njiti Duniani. Badala ya kuvaa zambarau na kupiga picha tu, siku hiyo tungeweza kuipeleka barua hiyo ofisini ikiwa na sahihi zetu.